Tulipopiga Sakafu ya Bi Zuhura

Chokaa mbichi ikitiwa maji huchemka yenyewe bila moto, na mvuke wake una harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: mawe yaliyoungua, magamba ya chaza, na kwa mbali kidogo yai viza. Mwezi uliopita nilipita Mji Mkongwe kwa shughuli zangu, nikawakuta vijana wawili waliovaa glavu za mpira wakimimina maji kwenye pipa la chokaa, mbele ya nyumba inayotengenezwa iwe ya kulaza wageni. Pembeni palikuwa na ubao unaoeleza kwamba kazi ile inafanywa kwa njia za asili. Nilisimama pale kupita kiasi. Kijana mmoja akaniuliza kama nimepotea njia, nikamwambia hapana, nanusa tu. Akanitazama kwa ile huruma wanayotazamwa nayo wazee wanaozungumza peke yao, kisha akarudi kwenye pipa lake.

Sikuona haja ya kumweleza yeye. Nyinyi nitawaeleza.

Tulihamia mjini mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa na miaka tisa. Kwetu kulikuwa Kikwajuni, nyumba ya udongo yenye paa la makuti, ambayo ilivunjwa kupisha majumba mapya ya ghorofa. Baba yangu, fundi seremala, alipewa kadi ya nyumba yenye mhuri, na kadi ile ikatufikisha ghorofa ya kwanza ya jumba la mawe lenye kuta nene kuliko urefu wa mkono wangu. Tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi, na Bibi mzaa baba, jina lake Bi Tatu. Mama alilalamika kwamba ngazi hazilingani, moja fupi na moja ndefu, na kwa mwaka mzima wa kwanza hakuna aliyebeba maji akafika juu na ndoo iliyojaa.

Chini yetu walikaa watu wawili na familia zao, waliotoka shamba. Juu yetu, ghorofa ya mwisho, alikaa Bi Zuhura peke yake. Jumba lile lilikuwa la mumewe, Mwarabu aliyekuwa na mashamba ya mikarafuu, aliyefariki kabla ya Mapinduzi. Baada ya Mapinduzi nyumba ikawa ya serikali. Watoto wake wakaondoka mmoja baada ya mwingine wakaishia Maskati, na yeye akabaki kwenye chumba kimoja cha juu. Hakuwa na kadi. Alibaki kwa sababu tu hakuna mtu aliyepanda ngazi zote zile kuja kumtoa.

Nilimpenda Bi Zuhura kwa sababu za kitoto, yaani halua na picha. Alikuwa na sanduku la picha za harusi za watu ambao sasa wote wako nchi nyingine, na alinitajia majina yao huku akiniminia kahawa kwenye kikombe kidogo, kahawa ambayo kwetu watoto hawakuruhusiwa kunywa. Baba naye alimheshimu kwa namna yake. Kila alipopanda kutengeneza dirisha au komeo la huko juu, alianza kukohoa tangu ngazi ya tatu, kikohozi kirefu kisicho na maradhi yoyote, ili mwanamke yule apate muda wa kujifunika. Mama alimtania kwamba siku moja atakohoa kweli na hakuna atakayempa dawa.

Bibi yangu peke yake ndiye hakupanda. Alipokutana na Bi Zuhura mlangoni walisalimiana maneno matatu manne, kwa adabu, kila mmoja akitazama kitu kingine. Bi Zuhura alimwita "Tatu" tu, bila ya Bi mbele yake, na sisi wote tuliliona hilo. Nikajiamulia kwamba wanachukiana, na kwa akili za miaka tisa sikuona kwamba jambo hilo linahitaji sababu.

Mambo yalianza kuharibika kutoka juu kabisa. Nyumba ile haikuwa na bati. Paa lake lilikuwa sakafu, kama zilivyokuwa nyingi zamani: boriti za mikoko zimepangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya boriti mawe, na juu ya mawe zege la chokaa na udongo mwekundu lililopigwa mpaka likawa gumu. Sakafu namna hiyo hukaa umri wa mtu na zaidi ikitunzwa, na ile ilikuwa haijatunzwa kwa miaka mingi. Vuli ya mwaka ule maji yalipita kwenye nyufa zake yakadondoka kwenye kitanda cha Bi Zuhura, halafu yakatufikia sisi. Tulitega masufuria, mabakuli, hata kopo la kukogea, na nikilala nilisikia kila chombo kina sauti yake.

Baada ya mvua akaja bwana mmoja wa ofisi ya nyumba, mtu mpole mwenye daftari. Alipanda mpaka juu, akachoma boriti moja kwa kalamu yake, kalamu ikazama nusu. Akaitazama kwa masikitiko na kuifuta kwa kitambaa.

"Ghorofa hii haikaliki," alimwambia Baba. "Mpaka masika ikiwa haijatengenezwa, nnaifunga. Simenti msiniulize, yote inakwenda kwenye majumba mapya."

"Na Bi Zuhura?" Baba akauliza.

"Yumo kwenye kadi ya nani?"

Bwana yule akapindua kurasa za daftari lake kama kwamba jina lingeweza kutokea huko.

"Ana jamaa yeyote humu ndani? Hana. Basi atapelekwa kwenye nyumba ya wazee, nje ya mji. Wanatunzwa vizuri, wanapewa chakula." Alisema bila ukali wowote, na nafikiri aliamini kwamba analeta habari njema.

Bi Zuhura alikuwa amesimama nyuma ya mlango uliofunguliwa kidogo. Alisema "Naam," akaufunga.

Jioni ile watu wa nyumba na majirani walikaa uani kujadiliana. Baba alisema boriti atazipata na atazibadilisha yeye mwenyewe. Chokaa ilikuwa ikichomwa upande wa Mangapwani, na mtu mmoja alikuwa na shemeji mwenye gari la ng'ombe. Kilichokosekana ni mtu anayejua kuipiga sakafu, kwa sababu mafundi wa kazi ile walikuwa wamekufa au wamezeeka, na vijana walijua simenti tu. Ndipo sauti ya Bi Zuhura ikashuka kutoka dirisha la juu linalotazama uani.

"Tatu anajua. Hii aliipiga yeye."

Sote tukamgeukia Bibi. Hata Baba alikuwa hajui. Zamani, kwa wale msioyaona haya, sakafu zilipigwa na wanawake, kundi zima, kwa nyimbo, na Bibi katika ujana wake alikuwa mmoja wao. Alikuwa amefanya kazi kwenye mapaa ya nusu ya mji ule, na hili tulilokuwa tukilala chini yake lilikuwa mojawapo. Tulikaa humo mwaka mzima asiseme.

"Magoti yangu hayapandi ngazi," Bibi akasema, akanyanyuka, akaingia ndani kwa magoti yaleyale.

Siku nne hakushawishika. Baba alimbembeleza, Mama akamnunia, Bi Mkasi, jirani yetu Mngazija aliyekuwa na sauti ya kusikika mitaa miwili, alikuja kumwambia kwamba nyumba ikianguka itaangukia ya kwake. Bibi alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso. Siku ya tano mimi nilipanda juu kufuata halua, nikamkuta Bi Zuhura anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye sanduku la bati. Aliniuliza kama huko kwenye nyumba ya wazee mtu huruhusiwa kuchukua mkeka wake wa kuswalia. Nikashuka nikamhadithia Bibi. Mkono wake uliendelea kutenga chuya na mchele kwa muda mrefu, kisha akaanza kuimba kwa sauti ya chini, akaniambia nimfuatishe.

Zilikuwa nyimbo za kupigia sakafu. Alinifundisha kila jioni wiki ile, ubeti baada ya ubeti, na mimi nilikuwa na kichwa cha kushika nyimbo ingawa hesabu hazikukaa. Asubuhi ya baada ya jioni ya kwanza alimuuliza Baba chokaa iko wapi.

Chokaa ikaja. Tuliilaza kwenye mashimo uani ikachemka, na nyumba nzima ikanuka ile harufu niliyowaambia. Baba aling'oa boriti zilizooza akatia mpya, na kwa vipande vya mfenesi vilivyobaki karakana akachonga vigongo thelathini, vifupi, vyenye kichwa bapa. Vigongo hivyo huitwa vipande, na kila mwanamke wa mtaa alikuja kuchagua chake kama anayechagua kanga. Sijui kwa nini mtaa mzima uliitika. Labda kwa kuwa nyumba za mitaa ile zimeegemeana na ya mwenzako ikianguka haianguki peke yake. Labda walitaka tu kumwona Bi Tatu juu ya paa.

Bibi alipopanda, Bi Zuhura alikuwa ameshafika, amekaa karibu na mlango wa ngazi na kopo la maji, amejifunika vizuri. Yeye hakuwahi kushika kipande maishani mwake, lakini aliwahi kuwatazama mafundi wakichanganya, na alikumbuka kila kitu. Tatizo lilikuwa kwamba Bibi naye alikumbuka, na kumbukumbu zao hazikupatana. Walisimama hatua tatu mbalimbali wakazungumza kupitia kwangu.

"Subira, mwambie bibi yako udongo umezidi."

"Mwambie udongo haukuzidi. Macho yake ndiyo yaliyozidi."

"Mwambie mimi nlikuwepo."

"Na mimi nlikuwa wapi? Mwambie."

Nilikuwa nikigeuka huku na huku nikirudia maneno ambayo wote wameshayasikia, na wanawake wakiziba midomo kwa mitandio. Mwishoe Baba akaongeza karai moja la chokaa bila kumuuliza mtu, na kila mmoja akadhani ameshinda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Paa liligawiwa mafungu matatu, fungu moja kwa siku. Zege likimwagwa asubuhi, wanawake hupanga mstari, huinama, na kulipiga kwa vipande taratibu, wakirudi nyuma hatua kwa hatua, huku mtu akinyunyiza maji. Hupigwa mpaka alasiri, mpaka zege litoe maji yake na kushika. Katikati hakuna kusimama, maana likishaanza kukauka lenyewe hupasuka. Kula ni kwa zamu, kuswali ni kwa zamu. Kinachowafanya watu thelathini wasichoke ni wimbo: mmoja huanza, wengine huitikia "Piga!" na vipande vyote huanguka pamoja. Nimesikia ngoma nyingi tangu siku hizo na hakuna iliyonitetemesha nyayo kama ile. Siku ya kwanza Bibi aliongoza kutoka asubuhi hadi mwisho, sauti yake ikiwa imepungua miaka ishirini, na fungu la kwanza likalala limetulia, jeupe, bila ufa.

Siku ya pili jua lilikuwa kali. Baada ya adhana ya alasiri Bibi alishuka kuswali, na alipoondoka wimbo ulianza kufa. Bi Mkasi aliongoza kidogo akaishiwa na beti, akaanza kurudia, vipande vikawa vinaanguka ovyo ovyo.

"Subira!" akaniita. "Bibi yako kakufundisha nini jioni zote hizo? Tuimbie, mwanangu, tunakufa huku."

Sikungoja kuombwa mara mbili. Nilichagua wimbo wa mwisho alionifundisha, kwa sababu ulikuwa mtamu kuliko yote na kwa sababu jina lake limo ndani, nikaona atafurahi akiusikia akiwa ngazini. Nikaimba kwa sauti yangu yote:

"Mwana alia uani, sakafu haijashika."

"Piga!"

"Wa juu kamsikia, ngazi akateremka."

"Piga!"

"Titi lake akampa, mwana akanyamaza."

"Piga!"

"Tatu kipande mkononi, machozi kayameza."

Mara ya nne hakuna aliyeitikia. Vipande vilisimama hewani. Baba alikuwa amefika kichwani pa ngazi na karai begani, na hakulitua. Bi Mkasi aliangalia huku, akaangalia kule, akauliza kile ambacho kila mtu alikuwa akikiuliza moyoni.

"Tatu ni huyu wetu. Na huyo wa juu n'nani?"

Bi Zuhura aliweka kopo chini. Alisema polepole, akiangalia zege, "Hakunyonya mara moja tu."

Bibi alikuwa ameshatokea, nyuma ya Baba, kanga yake bado ina maji ya udhu. Sijui alisikia kuanzia wapi.

"Pigeni," akasema. "Sakafu inakufa."

Hakuna aliyepiga.

"Mama," Baba akasema, na karai bado liko begani, "mtoto gani huyo?"

"Mtoto wewe. Kwani nna mwengine?"

Nilifahamu kwamba nimefanya kosa kubwa, ingawa sikuweza kuona kosa lenyewe liko wapi katika wimbo mzuri namna ile. Nilijificha nyuma ya magunia. Baba alitua karai, akashuka. Bibi akachukua kipande cha mtu akaanza kupiga peke yake, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Fungu la pili lilimalizika bila wimbo.

Wasomaji wenzangu Waislamu wameshafahamu. Kwa wengine niseme tu kwamba kwetu sisi mtoto mchanga akinyonyeshwa na mwanamke asiyemzaa, mara za kutosha, mwanamke yule huwa mama yake. Hawezi kuwaoa watoto wake, na mbele yake mwanamke hana haja ya kujifunika. Ni nasaba kamili isipokuwa katika urithi. Baba yangu alikuwa amekohoa mwaka mzima kwenye ngazi za mama yake mwenyewe.

Habari yenyewe tuliipata vipande vipande. Wakati sakafu ile inapigwa mara ya kwanza Baba alikuwa na miezi mitatu, na Bibi alimwacha uani na mtoto mwingine amwangalie. Msimamizi hakuruhusu mwanamke kushuka kabla fungu halijashika; anayeshuka hakurudi tena kazini. Mtoto akalia. Bi Zuhura, aliyekuwa bibi harusi wa mwaka uliopita na mwenye mtoto wake mchanga, alikisikia kilio kwa muda, kisha akashuka mwenyewe akamchukua. Mumewe hakuambiwa. Bibi aliona kila kitu kutoka juu ya paa, akiwa na kipande mkononi na maziwa yakimlowesha kifua.

Siku ya tatu hatukupiga kitu. Masika yalitangulia. Mvua ilianza alfajiri, kubwa, na fungu la tatu lilikuwa bado boriti tupu zilizofunikwa magunia. Siku iliyofuata bwana wa ofisi akaja na daftari lake chini ya mwavuli. Alipanda, akaisifu kazi iliyofanyika, akasema theluthi mbili si paa, na ghorofa itafungwa mpaka mvua ziishe. Kisha akashuka mpaka kwetu, ambako Bi Zuhura alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la bati, tayari.

"Gari liko nje," akasema.

Tulijua kwamba tangu juzi Baba alikwenda msikitini na kukaa muda mrefu na Maalim, mwalimu wetu wa dini. Akachukua kadi yetu ya nyumba ukutani akampa yule bwana.

"Mwandike humu. Ni mama yangu."

"Mama yako si huyu?" akamwonyesha Bibi.

"Na huyo pia."

"Kunyonya," Bi Mkasi akatamka kutoka mlangoni, maana hakuwa mtu wa kukosa.

Bwana wa ofisi akavua kofia. Alikuwa mtu wa mji kama sisi, na jambo lile halikumshangaza kama lilivyomtia shaka. Akasema Maalim aitwe. Maalim akaja, akakaa kwenye kiti chetu kizima, akauliza swali moja: mara ngapi? Kwa madhehebu yetu, mara tano zinatosha, pungufu ya hapo hakuna kitu.

Chumba chote kikamtazama Bibi. Angeweza kusema hakumbuki. Angeweza kusema mara moja, mara mbili, na hakuna ambaye angembishia isipokuwa mwanamke aliyekaa juu ya sanduku, ambaye alikuwa akiangalia miguu yake. Bibi akatazama kidole kimoja kimoja.

"Sakafu ilikuwa siku tatu," akasema. "Kila siku asubuhi na adhuhuri. Mara sita."

"Saba," Bi Zuhura akasema.

"Sita."

"Siku ya mwisho hakushiba, Bi Tatu. Nlimrejea."

Maalim akasema sita au saba hayo watayamaliza wenyewe. Bwana wa ofisi akaandika "mama" kwenye kadi, chini ya "mama" mwingine, akaliambia gari liende. Bi Zuhura akalala kwetu, chumba kimoja na Bibi na mimi, na kwa miezi yote ya masika wazee wale wawili waligombana juu ya sukari ya chai, juu ya dirisha, na juu ya nani alimwamsha nani kwa kukoroma.

Mvua zilipokatika mtaa ulirudi na vipande vyake tukapiga fungu la tatu. Niliombwa wimbo ule nikakataa, nikimtazama Bibi. Yeye akaanzisha mwingine. Paa lilishika, ghorofa ikafunguliwa, na nyumba ile ambayo ingefungwa na kuachwa kama nyingi nilizoziona zikianguka baadaye, ilikaliwa na watu miaka yote iliyofuata. Bi Zuhura alirudi juu, lakini jioni alikuwa kwetu.

Alikufa baada ya miaka miwili. Wanawe walipelekewa simu ya maandishi, na siku zile kuja hakukuwa jambo jepesi, hawakuja. Wanaume walimbeba wakaenda, na sisi wanawake tukabaki nyumbani, kama ilivyo desturi; na kwa desturi hiyohiyo maiti ya mwanamke hupokewa kaburini na wanaume wa nasaba yake. Baba aliporudi kanzu yake ilikuwa na udongo kwenye magoti na viwiko. Bibi alikuwa akimngoja mlangoni.

"Nani kampokea chini kaburini?"

"Mimi, mama. Nlikuwa kichwani."

"Umemlaza shavu lake udongoni?"

"Nimemlaza."

Hapo Bibi alilia, kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata alipofiwa na babu. Sikukifahamu. Baadaye nilimuuliza kwa nini alificha miaka yote ile jambo lisilo na aibu yoyote. Akaniambia aibu ipo. "Mwanangu alilia, mimi nipo, nnamsikia, na aliyemnyamazisha n'mwengine."

Sijui mpaka leo kama alinifundisha ubeti ule kwa makusudi. Alinijua kwamba sijui kunyamaza, na alinijua tangu nizaliwe.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza niliugua homa, na siku tatu maziwa hayakutoka. Hospitalini, kwenye kitanda cha jirani, alikuwapo dada mmoja mwenye maziwa tele. Alimchukua mwanangu akamweka kifuani bila kuombwa, na mtoto aliyekuwa akilia usiku na mchana akanyamaza papo hapo, mkono wake mdogo umelishika titi la mtu mwingine. Nilimshukuru yule dada kwa maneno yote mazuri niliyoyajua, kisha nikageukia ukutani nikalia kwa wivu mpaka nikaona haya. Ndipo nilipojua nini Bibi alikihesabu kwa vidole vyake siku ile mbele ya Maalim. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na alimgawa, ili mwanamke mwingine naye apate mwana wa kumshusha kaburini.